Nia Ikionekana

Nimechoka kuitwa mwizi wa kura. Nimeitwa hivyo kijiweni, nimeitwa hivyo kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza chuo pamoja, na tangu Oktoba 29, 2025 nimeitwa hivyo hata na watu wasiojua kwamba niliwahi kufanya kazi hiyo. Wao wanatukana kwa jumla tu, nami nimekaa pembeni na chai yangu. "Hawa wa vituoni ndio waliotufikisha hapa," alisema mmoja juzi. Maisha yake yote hajawahi kukunjua karatasi ya kura ya mtu mwingine. Nataka nimjibu yeye. Nataka niwajibu pia wale wa upande wa pili, wanaotupongeza kwa "kufanikisha zoezi kwa amani na utulivu", maana pongezi hizo zinaniudhi kuliko matusi.

Novemba 27, 2024 nilikuwa msimamizi msaidizi wa kituo kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, kata ya Masaki. Si Masaki ile ya mabalozi na hoteli za ufukweni. Ukisema unatoka Masaki, watu wa Dar es Salaam wanakutazama viatu kwanza, halafu wanacheka. Masaki yangu iko wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, upande wa barabara iendayo Maneromango, kwenye mikorosho, mihogo, minazi na magunia ya mkaa yanayosubiri gari. Nilikuwa nimerudi kwa bibi na shahada ya ualimu ndani ya bahasha, nasubiri ajira kama wenzangu wengi. Tangazo la kazi za muda likatoka, nikaomba, nikapata. Ndiyo, nilifuata posho. Mkono mtupu haulambwi, na sioni aibu.

Kazi yenyewe haina fahari. Unafika alfajiri kwenye darasa la shule ya msingi, unapanga madawati, unasimamisha vituturi mahali ambapo mtu wa dirishani hawezi kuchungulia. Unalifungua sanduku, unawaonyesha mawakala kwamba ni tupu, unalifunga na kuweka lakiri. Saa 2 asubuhi unaanza. Saa 10 jioni unafunga. Katikati ya hapo unatafuta majina kwenye orodha, na majina ya kwetu yanafanana: Mwanahamisi watatu, Ramadhani hawahesabiki, na mzee mmoja anayejulikana kijiji kizima kwa jina la utani ambalo haliko kwenye karatasi yoyote ya serikali. Unamuuliza jina lake halisi, anakasirika. "Mwalimu, unaniuliza mimi jina? Si umekula ubwabwa kwangu Idi?" Wote waliokaa kwenye meza ile wanaitwa mwalimu, hata asiyewahi kushika chaki.

Huo ndio ulinzi wa kwanza wa kura ya kijijini, na mtu wa mjini hauoni. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake hadi kaburi la babu yake, kumpigisha marehemu kura si kazi rahisi. Mawakala wamekaa nyuma yako na orodha zao. Anayepiga kura ni jirani, anayelinda ni jirani, anayehesabu ni jirani, na kesho wote mtakutana kisimani. Sisemi kwamba kila kituo nchini kilikuwa hivyo. Malalamiko ya kura bandia na ya majina yasiyoeleweka yalisikika sehemu nyingi mwaka ule, na wenye ushahidi waulete. Nasema kwamba mimi nilihesabu kwa haki, wenzangu pale mezani walihesabu kwa haki, na kwamba haki hiyo haikutosha.

Kuna neno moja tulilofundishwa kwenye mafunzo ambalo sijaweza kulisahau. Neno hilo ni nia.

Tulifundishwa kwamba kura haikataliwi kwa sababu tu alama imekaa vibaya. Mtu ametakiwa kuweka vema ndani ya kisanduku. Yeye ameiweka pembeni, juu ya picha, imevuka mstari, au ameweka alama nyingine isiyo vema. Usikimbilie kuitupa. Ishike, itazame, waonyeshe mawakala. Nia ya mpiga kura ikionekana bila utata, kura ni halali. Inayokataliwa ni ile ambayo huwezi kujua inamtaka nani, au ile inayomtambulisha mwenyewe.

Niliipenda kanuni hiyo mara moja, na bado naipenda. Ni kanuni ya mtu aliyewahi kuishi na watu. Inajua kwamba mkono uliolima miaka hamsini haushiki kalamu kama mkono wa karani. Asubuhi ile alikuja bibi mmoja, amefunga khanga vizuri kabisa kama anakwenda harusini, akapewa karatasi, akaingia kwenye kituturi, akakaa humo mpaka foleni ikaanza kuguna. Angeweza kuomba msaidizi anayemwamini, sheria inaruhusu kwa asiyejua kusoma. Hakutaka. Alitoka akaitumbukiza karatasi yake sandukuni, akaligonga sanduku mara mbili kwa kiganja, kama unavyomgonga mgongoni mtoto aliyecheua. Jioni tulipohesabu, tulizikuta alama za kila aina: vema ndefu kama fimbo, mikato iliyotetemeka, duara. Sikujua ipi ni ya bibi yule na sikutaka kujua. Tuliinua kila moja, tukaitazama, tukakubaliana. Taa ilikuwa moja ya sola na simu zetu mbili. Hakuna aliyeharakisha.

Halafu tukafika kwenye karatasi za nafasi ambayo mgombea alikuwa mmoja.

Kwa asiyefuatilia, nieleze. Mwaka 2019 mgombea asiye na mpinzani alitangazwa kuwa amepita bila kupingwa, basi. Lawama zikawa nyingi. Mwaka 2024 ikaamuliwa kwamba hata aliye peke yake apigiwe kura ya Ndiyo au Hapana. Lilisemwa kama jambo la maendeleo, na kwa juujuu linafanana na maendeleo. Mimi nimekaa nalo mezani. Unamkabidhi mtu mzima karatasi yenye jina moja, unamwelekeza aingie faragha, afiche uamuzi wake kati ya mtu huyo na hewa. Hapana haina jina, haina chama, haiwezi kuitisha mkutano wa kijiji wala kugonga muhuri. Watu wa kwetu ni waungwana, na kumwandikia jirani yako Hapana usoni, wakati hujapewa wa kumpa Ndiyo, kunafanana na kumtukana.

Kati ya karatasi hizo ilikuwemo moja ambayo haikuwekwa alama popote. Si kwenye Ndiyo, si kwenye Hapana. Chini, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la saba zamani, ilikuwa imeandikwa: MWINGINE YUKO WAPI.

Sivunji kiapo cha siri kwa kusema hivi. Karatasi ilifunguliwa mbele ya mawakala, ikasomwa kwa sauti, na aliyeiandika hajulikani. Tulinyamaza kidogo. Wakala mmoja akacheka, kisha akaacha kucheka. Nia ya mpiga kura yule ilionekana kuliko ya mtu yeyote aliyepita kwenye chumba kile siku ile. Nikaiweka kwenye fungu la kura zilizoharibika, kama kanuni inavyotaka, na ningeiweka hapohapo leo. Kanuni yenye huruma kwa alama iliyopinda haikuwa na mahali pa kuliweka swali lililonyooka.

Sasa mwizi yuko wapi kwenye hadithi hii? Ukiniambia ni mimi niliyeihesabu ile karatasi, tutagombana. Jibu la swali lile halikuwa ndani ya darasa letu. Lilikuwa limeshaamuliwa wiki kadhaa nyuma, mahali wanapopokea fomu za wagombea, na huko neno nia halifundishwi.

Nina ndugu, sitamtaja, wala sitaitaja wilaya wala ofisi, ambaye mwaka ule alitaka uenyekiti wa kitongoji. Mkulima, mtu wa msikiti, ndiye anayeitwa ng'ombe akiingia shambani kwa mtu. Alijaza fomu kwa tahadhari ya mtu anayebeba yai. Fomu ikarudi: hakuteuliwa, kuna kasoro katika ujazaji. Kasoro yenyewe ilikuwa namna alivyoliandika jina la chama chake. Hapakuwa na mtu hata mmoja pale, kuanzia mpokeaji hadi mlinzi wa geti, aliyeshindwa kuelewa anagombea kwa chama gani. Nia ilionekana. Akakata rufani kwenye kamati, na kamati ni ya watumishi wa serikali hiyohiyo, wanaoonana kila siku kwenye korido ileile. Rufani ikakataliwa. Akarudi shambani, na kwenye kitongoji chake watu wakapewa karatasi ya Ndiyo na Hapana.

Kisa hicho si cha pekee. Mwaka 2019 vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao walienguliwa kwa maelfu, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuandika kifupi cha jina la chama badala ya kirefu, makosa ya herufi na ya tarehe. CHADEMA, ACT-Wazalendo na vingine vikajitoa. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2024 vyama vikarudi, malalamiko ya kuenguliwa nayo yakarudi, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, vitongoji na mitaa. Zaidi ya vijiji 12,000, vitongoji zaidi ya 60,000, nchi yenye makabila zaidi ya mia moja yanayobishana hata jinsi ya kupika kisamvu, halafu matokeo yanafanana namna ile.

Na kanuni alitunga nani? Uchaguzi huu hausimamiwi na Tume. Unasimamiwa na TAMISEMI, kwa kanuni za waziri, na waziri ni mbunge mwenye kadi ya chama. Hapa watu wa Pwani tuna jambo letu la pembeni, sijui tujivunie au tuinamishe vichwa. Waziri wa TAMISEMI mwaka 2019 alikuwa Selemani Jafo, mbunge wetu wa Kisarawe. Waziri wa mwaka 2024 alikuwa Mohamed Mchengerwa, mbunge wa Rufiji, mkoa huuhuu. Sisemi waliiba. Nasema kitu chepesi zaidi na kigumu zaidi kukijibu: mimi wa posho nilisimama nikaapa kutunza siri na kutopendelea chama, nikaambiwa hata fulana ya rangi fulani nisivae. Aliyeandika kanuni nilizoapa kuzifuata hakulazimika kuvua chochote. Unyoofu umedaiwa kwa mtu wa mwisho kwenye mnyororo, kadiri unavyopanda unapungua.

Mtu mmoja alijaribu kulifikisha hili mahakamani, kwa upande wa uchaguzi mkuu. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba wakurugenzi wa halmashauri, ambao ni wateule wa Rais, hawafai kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Mwaka 2024 zikatungwa sheria mpya, Tume ikaongezewa neno Huru kwenye jina lake. Miezi michache baadaye nikawa kwenye darasa la Masaki, kwenye uchaguzi ambao Tume hiyo haikuusimamia.

Najua majibu yao, nimeyasikia mpaka nimeyakariri. La kwanza: asiyeweza kujaza fomu ataongozaje kijiji? Jibu hilo linawapendeza sana wasomi, na nawaomba wasomaji wa gazeti hili, wengi wenu mna vyeti kama mimi, mlitazame vizuri kabla ya kulipenda. Sheria inamtaka mgombea ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Haimtaki awe mhariri. Kijiji kina mtendaji, mwajiriwa mwenye mshahara, na kuandika ni kazi yake. Mwenyekiti anatakiwa awe mtu ambaye akisimama kwenye mkutano watu wananyamaza. Na kama kweli herufi ndiyo kipimo cha uongozi, mbona kasoro za herufi zinaelekea kuupenda upande mmoja? Haiwezekani chama kimoja kikawa na walimu wa imla katika vijiji elfu kumi na mbili.

Jibu la pili lina ukweli ndani yake na sitalikwepa. Wanasema wapinzani hawana watu huko chini, sehemu nyingi hawakusimamisha mgombea kabisa. Ni kweli. CCM ina balozi wa nyumba kumi ambaye anajua mtoto wa nani ana surua. Wengine wana ofisi barabarani na bendera iliyopauka. Chama kinachotokea kijijini mwezi mmoja kabla ya kura kisilalamike sana. Ila mwulize ndugu yangu kama 2029 atachukua fomu tena. Waulize majirani waliomwona anarudi na ile karatasi. Kila fomu inayokataliwa kwa herufi inawafundisha watu kumi wasichukue fomu, na baada ya chaguzi mbili unasimama kwenye jukwaa unasema tazameni, hawana watu.

La tatu ni la vijana wenzangu, na ndilo linalonitia uchungu: kwamba uchaguzi wa kitongoji ni mambo ya wazee, hauna maana, tusubiri mabadiliko makubwa. Ninyi mlijaza fomu za mkopo wa elimu ya juu. Nani alizigonga muhuri? Kitambulisho cha taifa, barua ya dhamana polisi, utambulisho wa benki, mlianzia kwa nani? Na huku kwetu muhuri huo unagonga jambo zito kuliko mkopo. Unagonga ardhi.

Kisarawe iko karibu mno na Dar es Salaam kuwa salama. Jumamosi magari yanakuja, vioo vimepandishwa, yanatafuta ekari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na wajumbe wa halmashauri hiyo, kati ya 15 na 25, pamoja na mwenyekiti wao, ndio hao wanaopatikana kwenye kura mnayoiita ya wazee. Wilaya hii imeshalipa ada ya somo hili. Kabla ya 2010 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji vya Kisarawe ili ilime mibono ya mafuta. Iliahidi ajira na huduma. Mwaka 2011 mradi ukaanguka, wafanyakazi wakaachishwa kazi, na wanavijiji wakabaki wanalalamika juu ya fidia, visima na makaburi yaliyobaki ndani ya shamba ambalo si lao tena. Ardhi ile ilikuwa imetoka kwenye mamlaka ya vijiji. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nawakumbuka wakubwa wakilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza habari ya mgonjwa aliye chumba cha pili.

Kwa hiyo mtu aliyeandika MWINGINE YUKO WAPI hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anauliza nani atasimama siku gari likija.

Kuna jirani zetu waliolishika jambo la meza na kile kinachofuata baada ya meza. Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa jinsi matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa baada ya kutoka vituoni. Uchaguzi uliofuata, 2022, tume yao iliweka hadharani mtandaoni fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000. Vijana wakakaa vyumbani na kompyuta zao wakajumlisha wenyewe. Nilizitazama fomu hizo nikiwa chuo. Mwandiko wa mtu wa kituo cha Turkana, na sahihi za mawakala, nausoma mimi niliyeko Tanzania! Sidanganyiki kwamba Kenya ni pepo. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo la Embakasi Mashariki alitoweka mwezi uleule wa Agosti 2022, akakutwa amekufa. Lakini karani wao ana ushahidi wa unyoofu wake. Akitukanwa, anaonyesha fomu. Mimi fomu yangu niliibandika mlangoni mwa darasa, upepo na mbuzi wakafanya kazi yao, na leo sina cha kumwonyesha yule bwana wa kijiweni. Kwenye uchaguzi mkuu wetu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake.

Ya Oktoba 29, 2025 mnayajua. CHADEMA ilikuwa imezuiwa kushiriki, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini. Vituo vilichomwa, watu waliuawa, intaneti ikazimwa, na tarehe 1 Novemba tukatangaziwa ushindi wa asilimia 97.66. Sikufanya kazi siku hiyo. Wenzangu niliofanya nao 2024 walifanya, na mmoja wao, dada mpole anayeuza vitumbua, alipitia njia ya porini kurudi nyumbani kwa kuogopa kuonekana amebeba begi la kituo. Ninyi mnaotaka kumpiga yeye, mmeshamwuliza karatasi aliyopewa ilikuwa na majina ya nani? Hakuichapa yeye. Hakumwengua mtu. Aliikuta imeshafungwa kwenye bahasha, kama tulivyoikuta sisi.

Na ninyi mnaompongeza kwa amani na utulivu, mnampongeza kwa nini hasa? Kwamba alihesabu vizuri kilichobaki? Hesabu yetu safi mnaitumia kama sabuni. Kila mkisema "kura zilihesabiwa kwa uwazi mbele ya mawakala," mnasema kweli, na kwa ukweli huo mnafunika fomu ya ndugu yangu.

Ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa utoke mikononi mwa waziri, uende kwa Tume, na Tume yenyewe iwe na watumishi wake huko chini badala ya kuazima wa serikali. Rufani ya aliyeenguliwa isikilizwe na hakimu. Fomu ya kila kituo ipigwe picha na kuwekwa mtandaoni usiku uleule, pamoja na mwandiko wangu mbaya. Na kanuni tuliyofundishwa kwa ajili ya mpiga kura, ile ya nia, iandikwe neno kwa neno kwa ajili ya mgombea: fomu isikataliwe kwa sababu ya herufi, kifupi au tarehe iliyopinda, ikiwa anayegombea, mahali anapogombea na chama chake vinaeleweka bila utata. Aliyekosea aitwe, apewe kalamu, arekebishe palepale. Haitaki bajeti. Inataka kalamu moja na mtu asiyetumwa.

Wapo wanaoniambia nisikubali tena kazi hiyo, niwaachie chawa. Nimelifikiria sana. Nikiondoka, kiti changu hakitabaki wazi. Atakaa mwingine, na huenda yeye akaitazama vema ya bibi iliyovuka mstari akaitupa. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Tangazo likitoka nitaomba. Nitakwenda kwenye mafunzo na daftari langu, na muda wa maswali ukifika, kabla ya kuapa, nitanyoosha mkono niulize karatasi za kituo changu zina majina mangapi, na waliokosekana walikosea herufi gani.